KABLA HUJAPIGA SELFI NA STAA SOGEA PEMBENI, UMEZIBA MCHORO WA MTU

Leo sina ubuyu wa nani kamuacha nani. Leo najianika mwenyewe. Nyie mliozoea kuona nawachana mastaa hapa kila siku, kaeni mkao wa kula, zamu hii wa kuchanwa ni mimi.

Iko hivi.

Ijumaa ya wiki mbili zilizopita kuna chuo kimoja hapa hapa Dar, jina kapuni, wanafunzi wake wa sanaa wanaohitimu mwaka huu walifungua maonesho yao ya pamoja. Wanafunzi 11, kazi 34. Kuna michoro ya rangi, kuna ya penseli, kuna batiki, na kuna vinyago viwili vimeungwa kwa vyuma chakavu vya pikipiki. Hizi ndo kazi zao za mwisho kabla hawajaingia mtaani kupambana kama sisi wengine. Walimu wanazisahihisha, halafu wanaalikwa wazazi, ndugu, marafiki na yeyote mwenye macho yake.

Sitaki kuwadanganya, sikwenda kwa ajili ya michoro. Mimi nimeishia form four, na mchoro wa mwisho niliochora maishani ni panzi wa Biolojia, nikamwekea miguu minane, mwalimu akanirudishia daftari kwa kulirusha. Nilikwenda kwa sababu kuna mtu wangu alininong'oneza kwamba staa mmoja mkubwa wa Bongo Fleva atapita pale.

Kweli akaja. Maonesho yalikuwa yafunguliwe saa 11 jioni, staa akaingia saa 1 usiku na watu wake sita. Masaa mawili wazazi wa watu wamekaa kwenye viti vya plastiki wanajipepea na karatasi za ratiba. Alipofika, hotuba za wanafunzi zikakatwa ili muda utoshe wa picha. Alikaa dakika kama 25. Mimi mwenyewe nilipiga picha zaidi ya 60.

Ile kali kuliko zote nilimsimamisha mbele ya mchoro mmoja mkubwa wenye rangi ya moto moto hivi, rangi ya chungwa, inawaka. Nikamwambia, "Kaka, sogea kidogo kushoto... hapo hapo, umetisha." Usiku ule ule nikairusha. Kapsheni mnaikumbuka, sina haja ya kuirudia. Laiki elfu tatu na ushee. Komenti zilijaa ubishi wa viatu vyake, wengine mnasema ni og, wengine mnasema ni vya Kariakoo. Nikalala nimefurahi.

Jumamosi asubuhi naamka nakuta meseji.

"Kaka habari. Mchoro ulio nyuma ya huyo staa ni wa kwangu. Naomba kama unaweza uandike jina langu."

Sasa nisikilizeni nilivyomjibu, na sijivunii. Nilimwandikia: "Dada, si nimekupa promo ya bure? Unajua watu wangapi wameona kazi yako?"

Akanijibu: "Hawajaiona kaka. Umemsimamisha mbele ya uso wa mama yangu."

Nikarudi kwenye picha, nikaivuta kwa vidole. Nyuma ya bega la staa kuna sikio. Kuna kipande cha kanga. Kuna vidole vitatu vimeshika kijiti. Basi. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwenye ule mchoro, nikaupiga picha mara kumi na kitu, na sikuwahi kujua kwamba ndani yake kuna mtu.

Hiyo ndo kesi yangu. Na nadhani ni kesi ya wengi wetu.

NILIPORUDI JUMAPILI

Jumapili mchana nikarudi pale chuoni. Getini nikamkuta mlinzi, "Shikamoo mzee." "Marahaba kijana. Leo hakuna mtu lakini."

Nikaingia ndani. Wanafunzi wote 11 walikuwemo, kila mmoja amekaa karibu na kazi zake. Hakuna mtu, kasema mzee. Na hata simlaumu, ndo tulivyomzoesha. Mtu ni yule anayekuja na watu sita.

Yule dada akanionesha mchoro wake ukiwa hauna bega la mtu mbele. Ni mama anachoma vitumbua alfajiri, nje ya nyumba, Mbagala huko. Mchoro wote ni giza isipokuwa moto wa jiko. Mwanga unatokea chini, unampiga mama kwenye kidevu, kwenye mikono, kwenye mafuta yanayochemka. Ukutani nyuma yake kuna sare ya shule imetundikwa ikauke, huioni mpaka usimame kwa muda. Kikaango kina matundu saba. Sita yana vitumbua, moja liko tupu.

Nikamuuliza, mbona hilo moja umeliacha tupu, ulisahau? Akacheka. "Hicho nilikuwa nakula mimi kabla sijaenda shule."

Jamani. Mimi ni mtu wa umbea, sio mtu wa kulia hovyo. Lakini nilibaki pale.

Halafu sasa, mama mwenyewe alikuwepo! Kaja na kitenge chake kizuri, kakaa kwenye kiti pembeni ya mchoro wake. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hujambo?" Binti akamwambia mimi ndo yule wa kwenye simu. Mama akaniangalia vizuri, akasema, "Ahaa. Kumbe wewe. Yule kijana mwenzako hakuona kama nimekaa hapa?"

Wote wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Ila ilinichoma, maana kijana wa watu hakuwa na kosa, kosa lake ni kuwa na mabega mapana. Aliyemsimamisha pale ni mimi.

KIDOTI CHEKUNDU

Mwalimu wao alikuwepo siku hiyo, akanifundisha kitu kimoja ambacho sikukijua. Kwenye maonesho, kazi ikishanunuliwa inabandikwa kidoti chekundu pembeni ya jina lake. Huo ni utaratibu wa magaleri mengi duniani. Ukiingia tu unajua ipi imeshapata mwenyewe.

Nikazunguka ukumbi mzima kuvihesabu. Vilikuwa viwili. Kwa kazi 34. Na vyote vimebandikwa baada ya Ijumaa. Yaani ule usiku wa watu kama mia mbili, spika zinalia, vinywaji vinapita, kila simu iko hewani, hakikubandikwa hata kidoti kimoja.

Kimoja kimenunuliwa na mwalimu wa chuo hicho hicho. Cha pili kimenunuliwa na dada mmoja muuguzi, mtu wa kawaida kabisa, hana jina mjini. Alikuja Jumamosi akiwa katokea zamu ya usiku, akapenda kinyago kimoja cha vyuma, akatoa kianzio, nyingine atamalizia mwisho wa mwezi. Mdogo mdogo, kama tunavyolipia friji na makochi.

Sasa najua kuna mtu hapa keshaanza kuandika komenti: "Tatizo wanauza ghali." Subiri kwanza tupige hesabu.

Ule mchoro wa vitumbua bei yake ni laki nne. Nilimuuliza dada gharama zake akanitajia moja moja. Kanvasi, rangi, brashi iliyoharibika, fremu ya fundi wa Keko na bajaji ya kuufikisha chuoni. Jumla laki moja na elfu 20, na nyingine alikopa. Amefanya kazi miezi miwili, usiku baada ya vipindi. Toa gharama, inabaki laki mbili na elfu 80. Gawa kwa siku 60. Haifiki elfu tano kwa siku.

Na hapo ni chuoni, hakuna anayemkata. Akipeleka galeri, kawaida wanakata asilimia yao, na kukuta wanakata 40 sio ajabu. Maana yake anabakiwa na laki mbili na 40, toa gharama, inabaki laki na 20. Elfu mbili kwa siku. Konda wa daladala akisikia hiyo anakupa pole.

Halafu watu wazima tunakaa meza moja ya VIP usiku mmoja tunachoma laki tano, asubuhi hatukumbuki hata wimbo uliopigwa. Mimi nimo, siwatengi. Sisemi usile bata. Nasema usiite ghali kitu ambacho hujawahi kukipigia hesabu.

PROMO ILIYOZAA BALAA

Sasa tuje kwenye ubuyu wenyewe, maana najua kuna wengine mmeshuka mpaka hapa mkiutafuta.

Ile posti yangu ya Ijumaa ilionwa na watu wengi, wakiwemo watu wa staa MWINGINE. Narudia, mwingine, sio yule wa selfi, msije mkamrukia bure. Jumamosi mchana akaja kijana mmoja pale ukumbini, akajitambulisha kwamba anafanya kazi na huyo mkubwa, akaupiga ule mchoro picha kwa simu, wote, kona mpaka kona. Akasema bosi wake ana ngoma inakuja, na mchoro ule unafaa kuwa kava.

Dada akauliza, malipo yakoje? Jamaa akamwambia, "Dada, unajua wangapi wanaitamani hii nafasi? Utatagiwa." Dada akasema hapana, kama ni hivyo basi.

Siku tatu baadaye inaingia meseji WhatsApp. Nimeiona kwa macho yangu, kanionesha mwenyewe. Inasema mtu wa grafiksi ameshaanza kuitengeneza, asijali, atatagiwa. Alipolalamika akajibiwa hivi, na hii ndo iliyoniua: kwamba waliuona mchoro kwenye blogu, hauna jina la mtu, wakajua ni mali ya chuo tu.

HAUNA JINA LA MTU. Umenielewa? Mimi ndo sikuandika jina. Ile promo niliyojisifia Jumamosi asubuhi ndo iliyowaonesha njia, na kukosekana kwa jina ndo kulikowapa kisingizio. Mstari mmoja wa kapsheni ungetosha. Bando lilikuwepo, muda ulikuwepo, niliandika mpaka rangi ya koti la staa.

Sasa najua mnataka jina la huyo wa kava. Ninalo. Meseji ninazo. Na kwa kazi yangu hii, ile ingekuwa posti yangu kubwa ya mwaka. Nilimwambia dada, niruhusu nimwage kila kitu, huyu jamaa atakulipa kesho asubuhi.

Akakataa. Akaniambia, "Kaka, eleza yaliyotokea watu wajue. Ila jina lake usilitaje, na la kwangu usiliweke kwenye posti hiyo. Mtu akija kulitafuta jina langu mtandaoni nataka akutane na mchoro kwanza, sio kesi."

Ana miaka 23 na ananizidi akili. Sisi mjini hapa tumezoea kwamba jina ni jina, hata likitoka kwa skendo poa tu, kiki ni kiki. Yeye anataka lake litoke kwa kazi. Kwa hiyo leo simtaji mtu yeyote. Msianze kuniuliza herufi ya kwanza, sijibu.

Ila mwalimu wake ameshamsaidia kuandika barua, na hili naomba mlijue wote, sio wachoraji tu. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mchoro unalindwa humo kama unavyolindwa wimbo. Mwenye kazi ana haki ya kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi. Na hata ukiununua ule mchoro ukautundika sebuleni kwako, umenunua ule mchoro wenyewe, sio haki ya kuuchapa kwenye kava, fulana au vikombe. Hiyo ni haki nyingine, ina makubaliano yake na bei yake.

Kinachochekesha ni kwamba hawa mastaa wetu ndo wa kwanza kupiga kelele wimbo wao ukitumika kwenye tangazo bila ruhusa. Wanaijua COSOTA iko wapi. Kumbe haki tunaijua vizuri sana ikiwa ya kwetu.

"HIZO NI SANAA ZA WAZUNGU"

Hii kauli naisikia sana. Kwamba michoro ni mambo ya wazungu, Mbongo gani ananunua picha ya kutundika?

Haya, twende. Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtoto wa Tunduru, akaja Dar kutafuta maisha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kawaida, zile za kupaka baiskeli. Hakuwa na galeri. Michoro ilikuwa inauzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, chini ya mti, na wanunuzi wengi walikuwa wageni. Akafariki mwaka 1972, alipigwa risasi na polisi kimakosa. Alichora miaka michache tu. Leo jina lake ndo jina la aina nzima ya uchoraji, inajulikana dunia nzima.

Mwingine ni Sam Ntiro, mtoto wa Kilimanjaro, alisoma Makerere akaja kufundisha hapo hapo. Ana mchoro wa mwaka 1956 unaoonesha wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Uko kwenye hazina ya Museum of Modern Art, New York, Marekani. Pombe ya ndizi ya Wachaga iko kwa wakubwa wa sanaa duniani, na mimi nimemjua huyu mzee wiki iliyopita nikiwa na miaka 25. Tena alikuwa balozi wetu London tulipopata uhuru!

Kwa hiyo waliochora ni sisi. Walioununua ndo wakawa wao. Hapo ndo ilipokuja hiyo hadithi ya sanaa za wazungu. Vitumbua vya Mbagala ni vya mzungu gani?

NA NYIE WANAFUNZI, NJOONI HAPA

Nisingekuwa mkweli nikiwapaka mafuta tu. Na nyie mna yenu.

Mosi, vile vikaratasi vyenu vya majina vimeandikwa herufi ndogo kama maelezo ya dawa ya kikohozi, vimebandikwa usawa wa goti. Hakuna bei. Hakuna namba ya simu. Mimi nina makosa yangu ila na nyie mlinirahisishia kukosea.

Pili, kumsubiri staa masaa mawili na kukata hotuba zenu wenyewe ili apige picha. Hii siku ilikuwa ya nani? Mzazi katoka Chanika kapanda magari mawili kuja kumsikia mwanae akieleza kazi yake, kaondoka hajamsikia.

Tatu, kuna kazi mle ndani zilikuwa za kumfurahisha mtalii. Mmasai amesimama na mkuki, jua linazama nyuma, mti mmoja. Tumeshaiona mara elfu kwenye kila duka la zawadi. Huyo mchoraji nilipomuuliza Mmasai wake anaitwa nani hakuwa na jibu. Mwenzako kamchora mama yake mpaka idadi ya matundu ya kikaango. Tofauti inaonekana hata na mimi wa panzi wa miguu minane.

Mwaka 1988 kule London kuna wanafunzi wa chuo cha Goldsmiths walifanya maonesho yao wenyewe kwenye jengo tupu la bandari. Wakayaita Freeze. Aliyewakusanya ni mwenzao Damien Hirst, naye alikuwa bado anasoma. Hawakutafuta mwanamuziki wa kuja kupendezesha picha. Walichapisha kitabu kizuri chenye kazi zao na majina yao, wakahangaika kuwaleta watu wanaonunua sanaa na wanaoendesha makumbusho. Akaja tajiri mmoja wa matangazo, Charles Saatchi, ambaye baadaye akawa mnunuzi mkubwa wa kazi za kundi lile. Wengi wao wakawa wakubwa.

Najua Dar sio London na Saatchi hayupo Kinondoni. Lakini wenye hoteli wapo. Wenye saluni kali wapo. Wapo madaktari wenye kuta tupu kwenye zahanati zao, na mawakili wenye kalenda ya benki ukutani miaka kumi. Waalikeni hao. Staa akija, karibu sana, naye akae kwenye kiti cha plastiki asikilize kama wenzie.

TUFANYEJE SASA

Mimi nimejiwekea sheria zangu, ukizipenda chukua.

Nikipiga picha ndani ya maonesho, jina la aliyechora linakaa mstari wa kwanza. La staa litafuata. Kama silijui jina, nauliza. Nisipopata, sirushi.

Nikitaka kupiga selfi, nasimama pembeni ya kazi, sio mbele yake. Ni hatua moja tu, haiumizi.

Nikipenda kitu nauliza bei hata kama sina hela. Wanafunzi wote niliowauliza Jumapili waliniambia maneno yale yale, kwamba Ijumaa watu waliwaambia "umetisha" mpaka wakachoka, ila waliouliza "unauzaje?" hawazidi watano. Kuuliza bei ni heshima. Unamwambia mwenzio kwamba unaiona kama kazi.

Na kama mfuko ni mwembamba, kuna vitu vidogo. Mle ndani kuna kachoro ka wino ka konda ananing'inia mlangoni, elfu 20. Kako ukutani kwangu sasa hivi, juu ya kitanda. Msinipe maua, nilikuwa nadaiwa kubwa kuliko hiyo.

Ile posti ya staa sijaifuta, maana kufuta ni kukimbia. Nimebadilisha kapsheni, jina la mchoraji limekaa juu kabisa. Na kesho jioni naweka posti ya wahitimu wote 11, majina yao kamili, kazi zao, bei na namba za kuwapata, kwa ruhusa yao. Hamtakuta staa wala kesi humo. Maonesho yanafungwa Jumamosi hii, kiingilio bure.

Kwako wewe kaka wa kava. Najua unasoma hapa, maana watu wako ndo walisema wameuona mchoro kwenye blogu. Ngoma haijatoka, kwa hiyo bado hujaharibu kitu. Mpigie mwenyewe, usimtume kijana. Muulize bei, mkubaliane, muandikishane, na jina lake likae kwenye kava. Na wewe ulianza hivyo hivyo, unazunguka studio na wimbo wako mtu anakwambia atakupa promo. Ulisikiaje?

Jumapili kabla sijaondoka nilimpiga mama picha upya, kakaa pembeni ya mchoro wake, mkono mmoja juu ya fremu. Kuna jamaa alitaka kupita mbele, mama akamwinulia kidole kabla hata sijasema kitu. Hiyo picha ndo itafungua posti ya kesho.

Haya, uwanja wenu. Mara ya mwisho kununua kazi ya mchoraji wa hapa nyumbani ilikuwa lini, na ulimjua jina? Tupia hapo chini. Na wa viatu, leo mpumzike kidogo.